Choo Kinang'aa, Bado Kinanuka: Jinsi ya Kuifuata Harufu Hadi Inakotokea

Bafu limesuguliwa asubuhi. Marumaru zinang'aa, sinki la choo jeupe pee, ndoo imefunikwa, dirisha liko wazi. Jioni unarudi kutoka kazini, unafungua mlango, na kinachokupokea ni harufu ya yai viza. Unasugua tena. Kesho yake harufu iko palepale.

Ukiwaeleza majirani utapewa majibu matatu, na nimeyasikia karibu kila nyumba niliyowahi kupanga: shimo limejaa, iteni gari; mwaga jiki ya kutosha; au weka kinukizi tu, mtazoea. Jibu la kwanza tulilifuata. Nilikuwa nimepanga Dar es Salaam, nyumba ya wapangaji wanne yenye choo cha ndani. Tukachanga, gari la maji taka likaja, likanyonya, likaondoka. Siku ya tatu harufu ikarudi. Ndipo tukamwita fundi bomba. Hakufungua hata mkoba wake. Aliinama kwenye kitundu cha sakafuni kilichoko nyuma ya mlango, upande ambao hakuna anayeogea, akamulika kwa tochi ya simu, akaomba kopo la maji, akalimimina lote humo. "Fungeni mlango, tuonane kesho," akasema. Kesho yake hapakuwa na harufu.

Kopo moja la maji lilifanya kazi iliyolishinda gari zima. Sababu yake ni rahisi kuielewa, na inaniuma kuona watu wakiendelea kulipia tiba ya ugonjwa wasiokuwa nao, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza choo cha maji kinavyofanya kazi.

Kwanza maneno

Maji taka ni maji yote yanayotoka nyumbani yakiwa yameshatumika: ya chooni, ya kuogea, ya jikoni. Yanapita kwenye mabomba hadi kwenye chemba, yaani yale masanduku ya saruji yenye vifuniko uani, ambako mabomba hukutana na fundi huweza kuchungulia. Kutoka chemba yanaenda kwenye karo, lile shimo kubwa lililojengewa, au kwenye bomba kuu la mji kwa wale wachache waliounganishwa. Kitundu cha sakafuni kinachopokea maji ya kuogea mafundi wengi hukiita flo trapu. Na neno la muhimu kuliko yote ni kizibo cha maji, ambalo nitalieleza hivi punde, kwa maana takriban kila harufu ya yai viza bafuni inaanzia hapo.

Sasa tuingie ndani ya bomba. Kinyesi, mkojo, mafuta na mabaki ya sabuni yakikaa mahali pasipo na hewa, bakteria huyala na kutoa gesi. Mbili kati ya gesi hizo tuzikumbuke. Methani haina harufu, lakini inawaka. Haidrojeni salfaidi ndiyo yenye harufu ya yai viza, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno, chini ya sehemu moja katika sehemu milioni za hewa. Kwa hiyo kusikia harufu hiyo hakumaanishi kwamba gesi imejaa chumbani, wala hakumaanishi kwamba mwenye nyumba ni mchafu. Bomba la maji taka linanuka ndani siku zote, kwa tajiri na kwa maskini. Tunachotakiwa kukitafuta ni mahali ilipopata upenyo wa kutoka.

Maji yanayokaa mlangoni

Chungulia chini ya sinki la kunawia mikono. Bomba linashuka, linajikunja kama shingo ya bata, ndipo linaingia ukutani. Watu wengi huamini mkunjo ule umewekwa ili kunasa pete ikidondoka. Unanasa pete kweli, lakini hiyo si kazi yake. Kila unaponawa, maji ya mwisho hubaki kwenye mkunjo na kuziba njia nzima. Maji taka yanaweza kushuka, ila hewa ya upande wa pili haiwezi kupanda, kwa sababu imezuiwa na maji. Hicho ndicho kizibo cha maji. Wazo hili lina zaidi ya miaka 200: mwaka 1775 Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa mtengenezaji wa saa jijini London, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya choo chenye bomba lililokunjwa hivyo.

Sinki la choo lina mkunjo wake pia, umejengwa ndani ya kigae chenyewe. Maji unayoyaona yametulia ndani ya choo, iwe cha kukaa au cha kuchuchumaa, ni sehemu ya kizibo. Flo trapu nayo inacho. Kwa kawaida kina cha maji hayo ni kama milimita 50, upana wa vidole vitatu hivi. Hicho ndicho kinachokutenganisha na karo. Kikipungua au kikitoweka, bafu lako na karo vinakuwa chumba kimoja.

Na kinatoweka kwa njia nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Njia ya kwanza ni kukauka. Maji yaliyotulia huondoka taratibu kama yanavyoondoka kwenye sufuria iliyoachwa wazi. Kitundu kinachopata maji kila siku hakina shida. Lakini bafu la wageni, kitundu kilicho pembeni mno kufikiwa na maji ya kuogea, au nyumba iliyofungwa familia ilipokwenda kijijini mwezi mzima, yote hayo hukauka, na joto la pwani halisubiri. Ndiyo sababu watu wengi hurudi safarini wakakuta nyumba inanuka na kusema kuna panya amekufa. Wakati wa mgao wa maji, watu wanapoogea kwa kubana maji pembe moja tu ya bafu, mambo huwa hayohayo. Dawa yake ni kopo au makopo mawili ya maji kila wiki. Ukisafiri kwa muda mrefu, mimina maji kisha juu yake vijiko vichache vya mafuta ya kupikia: mafuta huelea na kuyazuia maji yasitoweke haraka.

Njia ya pili inanisikitisha kuliko zote, kwa sababu huwa tunaifanya wenyewe kwa mikono yetu. Flo trapu nyingi za bei nafuu zimetengenezwa hivi: ukiinua chujio, chini yake kuna kikombe kidogo cha plastiki au chuma kilichofunikwa kifudifudi kama kengele, midomo yake ikiwa ndani ya maji. Kikombe hicho na maji yale ndivyo vinavyotengeneza kizibo. Sasa nywele na povu la sabuni hujikusanya hapo, maji yanaanza kwenda polepole, mtu anainua chujio, anakiona kikombe, anakitoa, na tazama: maji yanakwenda mbio! Anafurahi, anakitupa. Kuanzia siku hiyo pale sakafuni pana bomba la wazi linaloelekea moja kwa moja kwenye chemba. Wiki ya pili harufu inaanza, na hakuna anayekumbuka kulihusisha jambo hili na lile. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala haya, nenda ukainue chujio la bafuni kwako uone kama kikombe kipo. Kikiwa kichafu kisafishe ukirudishe. Kikiwa hakipo, maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza flo trapu nzima. Ukiweza kulipia zaidi kidogo, chagua yenye mkunjo wa kina, maana hiyo haihitaji kikombe.

Njia ya tatu ni nywele zenyewe. Fikiria utambi wa kibatari: ncha moja imezama kwenye mafuta ya taa, nyingine iko juu, na mafuta yanapanda yenyewe bila kusukumwa. Kishungi cha nywele, uzi wa rasta au nyuzi za dekio zikining'inia kwenye mkunjo, ncha moja majini na nyingine upande wa pili wa bomba, hufanya vilevile. Maji hupanda kidogokidogo na kudondokea ng'ambo hadi kizibo kinaisha. Ukijaza maji usiku na asubuhi ukakuta yamepungua ilhali hakuna ufa, tafuta utambi.

Dumu, mpira na bomba la hewa

Hapa jambo linakuwa gumu kidogo, ila kila aliyewahi kuchota maji ana mfano wake. Chukua dumu la lita 20 lililojaa, uliinamishe haraka. Maji hayatoki kwa utulivu. Yanatoka glu, glu, glu, kwa sababu kila maji yanayotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na mlango ni mmoja. Toboa tundu dogo upande wa juu wa dumu: maji yanatiririka kimya.

Bomba la maji taka ni kama dumu hilo. Unapoflashi, maji mengi hushuka kwa kishindo yakiburuta hewa nyuma yake. Kama hakuna mahali pa hewa kuingilia, bomba litaivuta kupitia njia dhaifu iliyo karibu, nayo ni kizibo cha sinki au cha flo trapu. Maji yaliyokuwa yametulia yananyonywa yote, kama fundi wa gereji anavyonyonya petroli kwa mpira: ukishaanza, mafuta yanafuatana yenyewe. Ndiyo maana mafundi huweka bomba la hewa, lile bomba refu lililosimama ukutani likapita juu ya paa. Watu wengi hudhani kazi yake ni kutoa harufu tu. Hutoa harufu, kweli, na pia huingiza hewa ili vizibo visinyonywe.

Kwa hiyo sikiliza. Choo kikiflashiwa na flo trapu ikalia glu-glu, au sinki likakoroma wakati jirani wa ghorofa ya juu anamwaga maji, bomba la hewa limeziba, limekatwa, au halikuwekwa kabisa. Nyigu na ndege hujenga humo, majani huingia, na zipo nyumba ambazo bomba hilo linaishia chini ya dari kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kutoboa bati. Katika nyumba za aina hiyo ukimimina kopo la maji harufu inaisha, kisha inarudi mtu wa kwanza akiflashi, na hapo ni lazima fundi apande juu. Mahali pengine bomba la hewa ni zima, ila mdomo wake umeelekezwa kwenye dirisha la bafu, na upepo ukigeuka linarudisha kila kitu ndani. Hilo hutibiwa kwa kulirefusha.

Feni ya kutolea hewa nayo ina mchango wake, na wengi hawaamini hadi waone. Feni inasukuma hewa nje. Kama mlango na dirisha vimefungwa, hewa mpya itatoka wapi? Itavutwa popote penye upenyo, na flo trapu iliyokauka ni upenyo ulio wazi. Jambo hili lilikuwa na matokeo ya kutisha Hong Kong mwaka 2003, wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoambukiza. Katika majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens, zaidi ya wakazi 300 waliambukizwa, na wachunguzi walieleza kuwa vizibo vya maji vya sakafuni vilivyokauka, vikisaidiana na feni za bafuni, viliruhusu matone yenye virusi kutoka kwenye mabomba ya maji taka kuingia majumbani. Siutaji mfano huu ili kumtia mtu hofu kila anaposikia harufu. Tukio lile lilikuwa na mazingira yake. Ila unaonyesha kwamba vidole vitatu vya maji vina kazi kubwa kuliko kuilinda pua.

"Shimo limejaa"

Nirudi kwenye lile jibu linalokula pesa za watu. Karo lililojengwa sawasawa huwa limejaa maji muda wote. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Uchafu mzito hutua chini na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutokea upande wa pili kwenda kwenye shimo la kunyonyea, ambako ardhi huyanywa. Bomba la kutolea liko juu, karibu na kifuniko, hivyo siku chache tu baada ya gari kuondoka, familia inapoendelea kuoga na kuflashi, karo linajaa tena hadi kimo chake. Mtu akifungua kifuniko na kuona maji yamefika juu, hajaona tatizo bado. Linalohitaji gari ni tope likizidi, na dalili zake ziko wazi: choo kinashuka kwa uvivu, maji yanarudi kwenye flo trapu, chemba zimejaa hadi juu, au maji meusi yanachuruzika uani. Kama vyote hivyo havipo na harufu iko chumba kimoja tu, shimo halina kosa.

Msimu wa masika ni jambo tofauti. Ardhi ikishalowa hadi imekinai, haiwezi kunywa zaidi, hasa sehemu za mabondeni. Maji yanarudi nyuma, hewa iliyo ndani ya bomba inabanwa, na inaweza kusukuma kizibo kutoka chini, utaona maji ya choo yakitoa mapovu. Hapo hata ukijaza vitundu vyote harufu itakuja, na gari likija litasaidia siku chache tu. Tatizo liko kwenye shimo la kunyonyea, na kulipanua au kuchimba jingine ni kazi ya kiangazi.

Si kila harufu ni ya bomba

Pua ikitumiwa vizuri inaokoa muda. Yai viza ni gesi ya bomba. Lakini harufu kali inayochoma macho, ile ya vyoo vya stendi, ni ya mkojo uliokaa: bakteria huvunjavunja urea na kutoa amonia. Hii haitoki kwenye bomba, inatoka juu ya sakafu. Saruji isiyopakwa kitu hunywa mkojo kama sifongo, na ile saruji nyeupe iliyo kati ya marumaru ni saruji vilevile. Kagua nyuma ya sinki la choo, chini ya bawaba za kifuniko, na ule mstari unaozunguka kitako cha choo. Mkojo ukishaingia hapo, kudeki kwa maji matupu ni kuusambaza. Sugua kwa sabuni na brashi ngumu, suuza, acha pakauke kabisa, kisha weka saruji nyeupe mpya palipobomoka.

Harufu ya uvundo kama ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni ni unyevu na ukungu: pazia la bafu, zulia la mlangoni, dekio lililosimamishwa likiwa limelowa, mbao za mlango zilizovimba chini. Dirisha na jua ndiyo tiba yake. Harufu tamu ya kuoza inayokua siku hadi siku kisha kupungua ni mzoga, mara nyingi panya au mjusi aliye juu ya dari.

Halafu kuna maji yenyewe. Nyumba nyingi zinatumia kisima, na baadhi ya maji ya kisima hutoka ardhini yakiwa na haidrojeni salfaidi. Chota glasi bombani, toka nayo nje mbali na bafu, unuse. Yakinuka huko nje, umeshapata jibu na sakafu yako haihusiki. Kama maji baridi hayanuki na ya moto yananuka, mshukiwa ni hita yenye tanki.

Moja ya kutochezea: harufu ya samaki au ya plastiki inayoungua, hasa unapowasha shawa ya umeme. Hakuna samaki. Ni nyaya au swichi inayopata joto kupita kiasi. Zima kwenye swichi kuu na usiiwashe tena hadi fundi umeme aione.

Kuwinda

Adui wa kwanza wa uchunguzi huu ni pua kuzoea. Baada ya dakika chache ndani ya harufu, pua huacha kuitangaza, na ndiyo maana mgeni anaisikia wakati mwenyeji anaapa haipo. Kaa nje robo saa, kisha ingia. Afadhali zaidi, mwite mtu aliyetoka kwingine.

Anza kwa kuuliza lini. Ikija asubuhi baada ya bafu kufungwa usiku kucha, fikiria kukauka au utambi. Ikija mara tu mtu anapoflashi, fikiria bomba la hewa au kitako cha choo. Ikija na upepo, angalia mdomo wa bomba juu ya paa. Ikija na mvua, ni shimo.

Kisha jaza kila kitundu maji, hata vile usivyovitumia, na usubiri siku moja. Nyumba nyingi huishia hapo. Kama harufu bado ipo, ziba kimoja kimoja: funika kitundu kwa mfuko wa plastiki, bandika kingo zote kwa utepe wa gundi, acha usiku mzima mlango ukiwa umefungwa. Usiku unaofuata funua hicho, ziba kingine. Siku harufu isipokuwepo, umemkamata. Wakati mwingine mfuko wenyewe utauona umevimba asubuhi. Watu hupenda kuwasha udi ili waone moshi unavutwa wapi. Kipande cha karatasi laini ya chooni kikishikwa juu ya kitundu kinaonyesha mkondo wa hewa vilevile, bila moto karibu na gesi inayowaka.

Usisahau mahali ambapo si vitundu vya kawaida. Chini ya sinki la kunawia, mafundi wengi siku hizi wanatumia mpira wa plastiki wenye mikunjomikunjo ya nje. Ukiwa umenyooka bila shingo ya bata, hauna kizibo, na pale unapochomekwa kwenye bomba la ukutani huachwa nafasi pembeni inayotosha kupitisha hewa yote ya chemba. Ukunje na kuufunga kamba ili ubaki na maji, zungushia raba au silikoni pale unapoingia. Bomba la mashine ya kufulia lina kasoro hiyohiyo. Kile kitundu cha juu cha sinki, kinachozuia maji yasifurike, hujaa ute mweusi unaonuka peke yake. Brashi ya chupa na maji ya moto yenye sabuni vinatosha.

Choo chenyewe kijaribu kwa rangi ya chakula. Kausha sakafu kuzunguka kitako chake, tandika karatasi nyeupe, tia rangi kwenye maji ya choo, flashi mara tatu. Karatasi ikipata rangi, muungano wa chini umefumuka. Choo kinachotikisika unapokikalia karibu kila mara kimefumuka, na kukizungushia saruji juu huficha uvujaji tu. Kinang'olewe, raba ya chini ibadilishwe, kirudishwe.

Kuhusu jiki

Jiki huua vijidudu juu ya sakafu, na kwa kazi hiyo inafaa. Haiwezi kurudisha maji yaliyokauka wala kuziba ufa. Ukimimina chupa kwa chupa kila siku, inaenda kuua bakteria wa karo ambao ndio wanaomeng'enya uchafu wako, na tope litajaa upesi zaidi.

Kubwa zaidi ni kuichanganya. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi. Zikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Jiki ikikutana na amonia, pamoja na ile ya mkojo mwingi uliokaa, hutoa gesi nyingine inayokereketa koo na kutoa machozi. Wengi hudhani ule mkereketo ni dawa ikifanya kazi. Tumia dawa moja, suuza kwa maji mengi, na kama unahitaji nyingine, iache kwa siku nyingine dirisha likiwa wazi.

Kabla ya kufungua chemba

Ikiwa yote yameshindikana, fundi atafungua chemba na pengine karo. Watoto wasogee mbali, hakuna sigara wala kiberiti, na vifuniko vikae wazi kwa muda kabla ya mtu kuinamia. Asiingie mtu ndani ya karo, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana iliyodondoka. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na inapokuwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa. Aliyeko ndani husema harufu imeisha, wakati ndipo imezidi, na huweza kuzimia ndani ya muda mfupi sana. Mwenzake akiona ameanguka huruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Ndivyo shimo moja linavyochukua ndugu wawili au watatu kwa siku moja. Ukiona mtu ameanguka humo, usiingie. Zuia wengine, na kama uko Tanzania piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.